Makarani wapya wa ghala, hiyo 11/12 ni Novemba au Desemba?

Msimu wa korosho ukifunguliwa, malori ya Newala na Tandahimba yanapanga foleni Mtwara mjini, na makarani wapya wanabonyeza F5 kwenye Notepad, programu ya maandishi ya Windows, iwawekee saa na tarehe, bila kutazama kilichoandikwa. Wadogo zetu, tunawapenda, ila hili limetuchosha.

1. Tarehe ya Kimarekani. Notepad haina mpangilio wake, inafuata "Short date" na "Short time" za Windows, na kompyuta nyingi huja na Kiingereza cha Marekani. Lori lililopimwa Novemba 3 saa nne na nusu asubuhi linaandikwa 10:30 AM 11/3/2025. Anayesoma siku kwanza ataona Machi 11, na hilo atalishtukia, maana Machi mizani imelala. Balaa ni 11/12 na 12/11: miezi yote miwili ni ya msimu, magunia yapo, na hakuna wa kushtuka. Kuanzia tarehe 13 kosa linajianika lenyewe, kwa kuwa mwezi wa 13 haupo.

Sasa anakuja karani mchangamfu. Amegundua, anabadili mpangilio katikati ya msimu, kisha anaendelea na faili lile lile. Wakongwe wengi tulipita hapo, na aibu yake haiishi. Tarehe ikishaingia kwenye faili ni maandishi matupu. Mpangilio mpya hauigusi ya jana. Nusu ya juu inasoma mwezi kwanza, ya chini siku kwanza. Ukikimbilia "Replace All", unageuza na zile zilizokuwa sahihi. Ukishafika huko, nakili faili kwanza, tafuta mstari ambao mpangilio umegeukia, linganisha na karatasi za mizani za siku hiyo, kata hapo, rekebisha kipande cha juu peke yake. Ni kazi ya macho, na ghala halikusubiri.

2. Dawa. Bonyeza Windows + R, andika intl.cpl, Enter, kisha "Additional settings". Kwenye "Date", kisanduku cha "Short date", weka yyyy-MM-dd. Kwenye "Time", "Short time" iwe HH:mm. Fungua faili jipya siku hiyo hiyo. Mwambie na mhasibu, maana Excel nayo inafuata mpangilio huo.

M kubwa ni mwezi, m ndogo ni dakika. Wa Obsidian, programu ya kuandika kumbukumbu, ukiandika YYYY-mm-DD, Novemba 3 saa nne na nusu inatoka 2025-30-03, nawe unabaki kulaumu programu. Wa Vim, programu nyingine ya maandishi, kwao ni kinyume: %m mwezi, %M dakika.

3. Andika .LOG kwa herufi kubwa kwenye mstari wa kwanza kabisa, Notepad itaweka tarehe na saa yenyewe kila ukifungua faili.

4. Usiandike "saa 4" kwa mkono pembeni ya 10:00. Wewe unaelewa, atakayesoma anadhani lori liliingia alfajiri.

5. Ukanda wa saa uwe UTC+03:00, Nairobi. Ukiachwa kwenye wa pwani ya magharibi ya Marekani, Desemba mashine iko nyuma kwa saa 11: lori la saa tatu asubuhi linaingia 22:00 ya jana. Kusogeza saa kwa mkono hakusaidii. Intaneti ikirudi, saa nayo inarudi ilikotoka. Na kama kila umeme ukikatika kompyuta inarudi miaka ya nyuma, betri ya kwenye bodi imekufa. Mara nyingi ni CR2032, ile ya duara kama sarafu.