Kipepeo unamtaka, kiwavi humtaki

SWALI: Nina kiwanja kidogo Mtwapa. Nimepanda boganvilia, lantana na miarobaini minne niliyouziwa kuwa ni miti ya asili, nikitarajia ndege na vipepeo. Wanapita tu. Viwavi nao wanamaliza majani ya mlimao, na kijana wa bustani anapiga dawa kila wiki mbili. Niongeze maua gani? – Bi. R.

JIBU: Usiongeze hata moja, Bi. R. Kwanza mwambie kijana aweke bomba chini.

Kesho asubuhi nenda kwenye huo mlimao ukatazame majani. Kile unachodhani ni kinyesi cha ndege, cha kahawia chenye baka jeupe, ni kiwavi mchanga. Akikua huwa kijani, na ukimgusa kichwani hutoa pembe mbili laini za rangi ya chungwa zenye harufu kali. Huyo ndiye yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano. Unamlipa kijana amuue, kisha unaniuliza mbona haji.

Kila anayeniandikia huuliza maua. Kwenye ua kipepeo hunywa akaenda zake; hutaga pale tu penye majani ambayo wanawe wanaweza kula. Wafugaji wa vipepeo wa Gede, kwenye mradi wa Kipepeo ulioanza 1993 kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, huuza pupa, yaani kiwavi aliyejifunga kabla ya kugeuka kipepeo, na pupa hawampati bila kumlisha kiwavi majani anayoyajua. Ndege vilevile: wengi wa wala mbegu, wakiwa na makinda, huwatafutia wadudu.

Mlimao mkubwa utachipua tena. Kama ni mche, waokote viwavi kwa mkono uwahamishie mti mkubwa.

Miarobaini ing'oe ingali midogo. Huku tunauita pia mkilifi, na jina hilo limewafanya watu waamini ulizaliwa Kilifi. Ulitoka upande wa India, na ndege na popo wanautawanya hadi misituni. (Mkwaju nao jina lake la kitaalamu linataja India, ilhali ni wa Afrika.) Lantana ni ya Amerika, ing'oe pia. Mpakani panda mchongoma: ndege aina ya shore watakula matunda, na miiba italinda viota. Panda mshubiri kwa ajili ya chozi, yule ndege mdogo anayefyonza maji matamu ya maua.

Kinachonikera zaidi ni wauzaji wa "dawa asilia ya mwarobaini isiyodhuru vipepeo". Mwarobaini humzuia kiwavi asile, tena humvuruga asiweze kujivua ngozi akakua. Kama kweli haidhuru, basi umeuziwa maji. Wengine huchanganya na sabuni na pilipili, wakaibandika picha ya kipepeo kwenye chupa! Iwe ya dukani au ya mzee wa sokoni, uliza inaua nini kabla hujatoa pesa. Ukiambiwa viwavi, mrudishie chupa yake.