Jibu: Upinde wa mkole unaokunjika upande mmoja

Mkuu, nimesoma maelezo yako na kuangalia picha zote. Kwa kifupi, kwa wanaoingia sasa: jamaa amechonga upinde wa mkole, mkono wa juu unajikunja karibu na kishikio, wa chini umekakamaa, na anauliza afunge mpira wa baiskeli palipolegea au atupe aanze mwingine.

Mpira hausaidii kitu, na mti huo bado haujafika pa kutupwa.

Chukua penseli, uweke alama pale palipolegea, kisha usipaguse tena mpaka kazi iishe. Unakonyoa ni kule kusikopinda: nusu ya mkono huo wa juu iliyo upande wa ncha, na karibu mkono wote wa chini. Unene uliokwisha kutoka haurudi, kwa hiyo penye ugumu ndipo pashuke pafuate penye ulegevu. Nguvu itapungua, hilo likubali mapema. Ulitaka uzito wa kuvuta wa kilo 20, pengine utaishia na 15, na kwa kulenga magunia ni nyingi tu.

Panga na tezo weka kando. Ukipunguza upana kwa nusu, ugumu unabaki nusu. Ukipunguza unene kwa nusu, unabaki sehemu moja ya nane. Yaani ukitoa milimita 2 tu kwenye unene wa milimita 20, zaidi ya robo ya ugumu imekwenda! Ndiyo maana hatua hii ni ya kukwangua kwa kisu kilichosimamishwa wima, au kipande cha kioo (vaa glavu). Kwangua kidogo, vuta upinde mara ishirini hivi kwa umbali mfupi, ndipo utazame. Mti hauonyeshi badiliko papo hapo, na wenye haraka huharibu hapa hapa.

Kutazama nako si kwa kuvuta mwenyewe mbele ya kioo. Pigilia ubao ukutani, kishikio kikae juu yake, upote (uzi wa upinde) uvutwe chini kwa kamba inayopita kwenye kapi, nawe usimame mbali kidogo. Hapo utauona mpindo wote, na ukikatika vipande havikufikii. Kwenye kamba tundika mizani ya ndoano, ile ya wauza samaki. Mizani ikisoma uzito unaoutaka mwishoni, simama, hata kama upote umeshuka inchi 12 tu. Kwangua kwanza. Ukilazimisha kuvuta zaidi, nyuzi za mti za tumboni, upande unaokutazama wewe, zinagandamizwa na upinde unabaki umejikunja hata ukishaufungua.

Nimeona pia umelisha msasa mgongoni, upande unaotazama shabaha. Acha kabisa. Kwenye upinde wa fito, mgongo ni ule mti uliokuwa chini ya gome, nao ubaki mzima, kwa sababu nyuzi zikikatwa huko ufa huanzia hapo. Unene wote utoke tumboni. Kile kifundo cha picha ya tatu kizungukie, ukiachie nyama pande zote mbili.

Suala la kunenepesha kishikio ni la hiari. Wahadzabe wa huko Eyasi hutengeneza upinde wa fito moja iliyopunguzwa kuelekea ncha, na zao ni ngumu kweli: kilo 30 hivi ni kawaida. Wewe umeshanenepesha cha kwako, basi kiache kisipinde, mpindo uanzie kando yake taratibu.

Hukusema fito uliikata lini. Kama uko pwani na ulikata masika, naishuku. Ipime kwenye mizani ya jikoni kila baada ya siku chache. Ikiwa bado inapungua uzito, haijakauka, na kuivuta sasa ni kuipa kilema bure. Ncha zipakwe rangi au nta zisipasuke.

Na huo upote wa nailoni badilisha. Unanyumbuka, kwa hiyo unakudanganya kuhusu umbali uliovuta. Sokota uzi wa poliesta wa mafundi viatu.

Ukishakwangua raundi ya kwanza tuma picha upinde ukiwa ubaoni, umevutwa nusu, kamera ikiwa usawa wa kishikio. Hizi ulizopiga kutoka chini zinaufanya mkono wa chini uonekane mrefu.