Maswali na majibu: Ukungu haufagii hewa

Swali: Ni kweli ukungu husafisha hewa?

Nimelijibu mara nyingi, na wanaouliza hawasomi majibu yaliyotangulia. Husafisha kidogo. Kila tone la ukungu limeshika juu ya chembe ya vumbi, chumvi au moshi. Tone lenye upana wa mikromita 20 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita) hushuka kama sentimita moja kwa sekunde. Likitua ardhini au kwenye majani, chembe yake imetoka hewani. Lakini matone mengi hukaukia juu jua likipanda, na chembe zinabaki zikielea.

Swali: Zinazobaki si ni zile zile?

Si zile zile, na hapa naomba mtulie. Salfa dioksidi, gesi inayotoka kwenye makaa ya mawe yakichomwa, huyeyuka ndani ya tone. Humo hukutana na haidrojeni peroksaidi au ozoni, kemikali nyingine zitokazo hewani, ikageuka salfeti, aina ya chumvi. Salfeti haipai na mvuke. Maji yakiisha, inabaki imegandamana na chembe, na chembe iliyoingia ndogo inatoka imenenepa, tena yenye kiu ya unyevu kuliko mwanzo. Usiku unaofuata ndiyo itakayowahi kushika maji. Tazama kioo cha gari kilicholowa ukungu kikakauka: kila tone limeacha kiduara cha uchafu. Masalio kama hayo, hewani, ndiyo mnayoyavuta.

Swali: Chembe zote huingia kwenye matone?

La. Zilizo ndogo mno hubaki zikielea hewani, kati ya tone na tone.

Swali: Maji ya ukungu ni safi kuliko ya mvua?

Penye moshi, hapana! Ukungu wa mita moja ya ujazo kwa kawaida hauna hata nusu gramu ya maji, kwa hiyo uchafu umejaa kwenye maji kidogo. Kusini mwa California, miaka ya 1980, ulipimwa ukungu wenye pH chini ya 3, yaani wenye asidi kali kama siki. Msiyakinge mkanywa.

Swali: Nifanye mazoezi ya kukimbia kwenye ukungu?

Mbali na moshi, kimbia. Mjini, ngoja. Hewa baridi iliyotuama chini hufungia moshi pamoja na ukungu. London, tarehe 5 hadi 9 Desemba 1952, hali hiyo iliua watu 4,000 kwa makadirio ya awali. Ya baadaye yamefika 12,000. Wenye pumu wakae ndani, na anayechoma taka asubuhi ya ukungu anawaumiza majirani zake. Ukungu ukiinuka pia msikimbilie nje papo hapo: mnaona mbali kwa sababu maji yamekauka, chembe bado zipo mpaka upepo uvume.