Unakuja kufanya kazi ya kupokea wageni kwenye shamba la ng'ombe Ireland? Soma hii kwanza

Kuna wabongo na wakenya kadhaa wananiuliza kuhusu hizi kazi za huku magharibi mwa Ireland, zile za familia yenye ng'ombe wa maziwa na kondoo kidogo, alafu nyumba hiyo hiyo ina vyumba vinne vitano vya wageni, mtu analala, asubuhi anakula anaondoka zake kwenda kuangalia Cliffs of Moher, yale magenge marefu ya pwani. Mimi niko Clare, kaunti ya huku magharibi, nafanya kazi hiyo, naona bora niandike mara moja maana hoteli na huku ni vitu viwili tofauti kabisa. Uzoefu wako wa hoteli ya Arusha au Mombasa utakusaidia kutandika kitanda na kubeba sahani, basi, mengine utayajulia hapa hapa.

Kikubwa ni hiki, ratiba ni ya ng'ombe. Wanakamuliwa asubuhi na jioni, iwe Jumapili iwe kuna msiba kwa jirani. Mashamba mengi huku ng'ombe wanazaa Februari na Machi ili majani yakianza kuota wawe na maziwa ya kutosha, kwahiyo miezi ambayo wageni wanajaa ndio miezi ambayo bosi na watoto wake wako shambani kutwa, na mgeni naye kalipa hela yake kaja kupumzika. Wewe upo katikati hapo. Nilichokiona ni kwamba mgeni anavumilia karibu kila kitu akiambiwa mapema, asichovumilia ni kushtukizwa. Ukimwambia jana yake jamani kesho saa 12 na nusu asubuhi mtasikia mashine ya kukamua inaunguruma, anacheka, wengine wanaamka kabisa kwenda kuangalia. Usipomwambia, mlio ule ule unaenda kuandikwa mtandaoni kama kero na familia inanyimwa nyota.

Kwahiyo kazi inaanza kabla mgeni hajafika. Mtumie Eircode, ile namba ya anwani yenye herufi na tarakimu saba jumla ambayo kila nyumba nchi hii inayo tangu 2015, maana vijijini nyumba hazina namba wala barabara haina jina na ukisema pita kanisani kata kulia utampoteza. Mwambie pia kwamba kipande cha mwisho ni barabara nyembamba yenye majani katikati, inapita gari moja, akikutana na trekta arudi nyuma yeye. Sisi kuendesha kushoto ni kawaida ila Mmarekani au Mjerumani anafika mikono inatetemeka na kioo cha pembeni kimeshakwaruzwa na michongoma. Spidi kwenye hizi barabara ndogo imeshushwa toka 80 mpaka 60 kwa saa tangu Februari 2025, na mi nakwambia hata hiyo 60 sehemu nyingine ni fujo. Alafu muonyeshe pa kupaki, tena uende nje umuonyeshe kwa mkono, usimuelekeze kwa dirishani. Lori la maziwa linakuja muda wowote linaoamua lenyewe, kiangazi ni kila baada ya siku mbili tatu hivi, na likikuta gari la kukodi limeziba njia ya kuendea tenki dereva hana muda wa kusubiri mtu amalize kuoga.

Sasa Wamarekani. Ndege zao nyingi zinatua Shannon, uwanja wa ndege wa huku kwetu, alfajiri, wameruka usiku kucha, wengi hawajalala, wanachukua gari uwanjani na saa 2 asubuhi wako mlangoni kwenu. Hapo vyumba bado vina watu wa jana, wewe una kikaango mkononi, bosi bado yuko na ng'ombe. Kwenye tangazo imeandikwa vizuri tu kuingia chumbani ni saa 9 mchana, lakini usiwasomee hiyo sheria mlangoni. Waingize, mabegi weka kwenye korido, waonyeshe choo kwanza kabla ya kitu chochote, alafu chai na mkate, na sebuleni uwe umeshaweka mablanketi mawili juu ya kochi. Nusu saa baadae mmoja anakoroma. Na usiwaruhusu kirahisi kurudi kwenye gari kwenda kutalii eti wapoteze muda, mtu aliyekesha kwenye ndege akiendesha upande asiouzoea ni hatari, wapeleke watembee kwa miguu mpaka kwenye geti la malisho warudi, hewa inawaamsha. Mgeni uliyempokea hivi hatalalamika tena hata maji ya moto yakichelewa. Wapo wenye nyumba wanaomuuzia huyo mtu usiku uliotangulia ili akute chumba kiko wazi, ni utaratibu mzuri, muulize mama mwenye nyumba kama anaufanya uwe unawaambia wakati wa kubuki.

Uani kwenye shamba ndio penye hatari na hapo usiwe mpole. Samadi ya majimaji, wenyewe wanaita slari, inakaa kwenye shimo chini ya banda na kabla ya kuimwaga shambani lazima ikorogwe, na ikikorogwa inatoa gesi inayoweza kuua mtu kwa pumzi moja mbili. Sitii chumvi, wakulima wenye uzoefu wa maisha yao yote wamekufa hivyo. Siku hiyo bosi akisema wanakoroga basi wageni wote, mbwa na wewe mwenyewe mnakaa mbali na banda mpaka yeye aseme. Sheria inakataza kuimwaga kuanzia tarehe 1 Oktoba mpaka Januari, maana yake inamwagwa machipuo na kiangazi, yaani msimu wenu wa wageni, harufu siku moja mbili ipo, sema mapema, na mashuka usithubutu kuanika nje.

Watoto ndio utawachunga kuliko ng'ombe. Mtoto chini ya miaka 7 haruhusiwi kupanda trekta kabisa, na kuanzia hapo lazima awe ndani ya kibini kwenye kiti chake na mkanda, kwahiyo babu wa nyumba akisema aah mlete tu nimzungushe kidogo, wewe ndio utakuwa adui wa siku hiyo, kubali. Uzio wa umeme waonyeshe wote hata watu wazima. Malisho yenye ng'ombe mwenye ndama mgeni haingii, na dume asilikaribie hata liwe limelala. Kila geti liachwe kama lilivyokutwa, lililofungwa lifungwe, lililo wazi liachwe wazi, maana wapo wageni wenye nia njema wanafunga kila geti na jioni unakuta ng'ombe hawana njia ya kufika kwenye maji. Mgeni akija na mbwa wake mbwa awe kwenye kamba muda wote, sheria hapa inamruhusu mfugaji katika mazingira fulani kumpiga risasi mbwa anayekimbiza kondoo wake na majirani hawana mzaha na hilo. Na mbwa wa nyumba yule wa kuchungia akiwa kazini asiitwe wala kupigiwa mluzi.

Mabuti ya mvua, gambuti, weka mstari mrefu mlango wa nyuma wa saizi zote toka za mtoto mdogo, maana watu wa mjini wanakuja na raba nyeupe na huku magharibi kuna maeneo yanapata mvua kama siku 225 kwa mwaka. Gambuti za nyumba zina faida nyingine ambayo wageni hawaijui, viatu vya mtu aliyetoka shamba lingine au nchi nyingine vinaweza kuleta magonjwa ya mifugo. Wazee hapa bado wanazungumzia 2001, ugonjwa wa midomo na kwato ulithibitishwa shamba moja tu kaunti ya Louth na nchi nzima ikasimama, watalii wakapotea, mikeka ya dawa kila mlango. So mgeni avae za kwenu, akitoka azisuuze, na anawe mikono kwa sabuni kabla hajashika kitu cha kula. Hapo kwenye kunawa usione aibu kurudia. Ireland kwa miaka mingi imekuwa juu Ulaya kwa ile bakteria mbaya ya E. koli inayoharibu figo za watoto, inatoka kwa mifugo na kwenye visima vilivyochafuka, sanitaiza peke yake kwenye mikono yenye tope la ndama haitoshi. Kama nyumba inatumia kisima chake uliza kimepimwa lini. Na maziwa mabichi usimpe mgeni hata akuombe vipi, hata akikwambia kwao bibi yake alikuwa anakunywa, familia yenyewe inaweza kunywa ni shauri yao, mezani kwa wageni ni ya paketi. Mama mjamzito asisogelee kondoo wanaozaa wala wanakondoo wachanga, kuna maambukizi yanaharibu mimba, na hili mwambie faragha kwa heshima, wengine bado hawajatangaza.

Nikija kwenye kifungua kinywa, hapa ndio utapata sifa zako. Sahani ya kwao ni nzito, soseji, bekoni, mayai, nyanya, uyoga, ile pudini nyeusi ya damu na nyeupe yake, na mkate wa magadi. Karibu kila kitu humo ni nguruwe, mpaka pudini, kwahiyo usisubiri Muislamu au Myahudi akae mezani ndio aanze kuchambua, uliza siku anapobuki, na kikaango cha mayai yake kiwe tofauti, sio kile kile umekifuta na tishu. Mambo ya aleji sheria inataka yawe yameandikwa, vile vitu 14 vya Ulaya, maziwa, karanga, ngano na vingine, karatasi iwe mahali mgeni anaiona bila kuomba. Ila kitu kidogo ambacho wageni wanakisifia kuliko sahani nzima ni kuambiwa mayai haya ya kuku wale pale dirishani. Kama ni ya dukani usiseme ni ya pale, watauliza mbona kuku wenyewe ni watatu.

Usiku wa sileji, yale majani yanayovunwa na kuhifadhiwa ng'ombe wale msimu wa baridi, nao una mambo yake. Mwishoni mwa Mei mpaka Juni majani yanakatwa, kontrakta anakuja na mamashine makubwa na matrela yanapishana mlangoni mpaka usiku wa manane kwasababu utabiri umesema mvua kesho mchana, na jua lenyewe linazama karibu saa 4 usiku. Hakuna wa kupika cha wageni maana wote mnapikia wavunaji. Ninachofanya ni kuwaambia wageni waje jikoni wale na wavunaji, chai na sandwichi za nyama, na hao watu wanapiga picha kuliko walipokuwa Cliffs.

Kitu kingine bora cha bure ni kukamua kwa jioni. Usipeleke kundi, wanne wanatosha, wasimame nyuma ya reli kimya, asiwepo wa kushuka kwenye lile shimo la kukamulia wanaposimama wakamuaji, ng'ombe akiona sura ngeni anapata hofu anazuia maziwa na mara nyingi anajisaidia hapo hapo, na shimoni kichwa chako kiko usawa wa mkia. Waambie kabla, watacheka lakini watasimama mbali.

Utaulizwa unatoka wapi. Mtu kasafiri toka Boston kuja nchi ya bibi yake, mlango unafunguliwa anakutana na mimi wa Njombe. Wengi hawana ubaya, wamechanganyikiwa tu, jibu kwa kifupi endelea na chai. Wale wanaotafuta ukoo waonyeshe sensa za 1901 na 1911, zipo mtandaoni bure, majina yote ya kaya, alafu mpigie simu jirani mzee kuliko wote, yeye anajua nani alihamia wapi na kaburi liko upande gani. Mimi hapo siongezi neno, siwezi kujifanya najua koo za watu.

Mwisho malipo, maana ukarimu wa familia unaweza kukusahaulisha. Kima cha chini cha mwaka 2025 kilikuwa yuro 13.50 kwa saa kwa wa miaka 20 kwenda juu, kinapandishwa mara kwa mara so angalia cha sasa hivi. Wakikupa chakula na chumba kuna kiwango cha juu wanachoruhusiwa kukata, na ni kidogo, asikwambie mtu kwamba chumba ndio mshahara. Ukiwa mwanafunzi wa Stemp 2, kile kibali cha ukaazi cha wanafunzi wa nje, ni masaa 20 kwa wiki wakati wa masomo, 40 kuanzia Juni mpaka Septemba na katikati ya Desemba mpaka katikati ya Januari. Jumapili ina malipo yake ya ziada au fidia nyingine kisheria. Andika masaa yako kwenye daftari lako mwenyewe kila siku, kwasababu huku kazi haina kengele ya kutokea, unaweza kuwa umemaliza vyombo saa 4 asubuhi ukajikuta saa 5 usiku bado unamtafutia mtu chaja, na hiyo chaja nayo ni saa ya kazi.