"Memori Imejaa": Neno Lililomponza Wifi Yangu

Wifi yangu anakaa Wete, Pemba, anashona na kuuza nguo za watoto, na hesabu zake zote zimo ndani ya laptopu moja ya zamani. Usiku mmoja alinipigia simu. "Wifi, mashine nzito mno. Fundi kaniambia memori imejaa, basi nimefuta picha zote za harusi ya mwanetu, na pipa la taka la humo ndani ya kompyuta nimelimwaga. Lakini bado nzito vile vile."

Nikamwambia aizime hapo hapo, asiiwashe tena mpaka nifike. Asubuhi nikatoka Chake Chake na gari ya mwanzo.

Fundi hakusema uongo. Tatizo ni kwamba sisi tunalitumia neno "memori" kwa vitu viwili visivyofanana, na wifi alikwenda kupunguza kile ambacho hakikuwa na shida. Kwa hiyo nikamweleza kwa karafuu, kwa sababu amekulia humo.

Karafuu zikishachambuliwa huanikwa kwenye majamvi. Jamvini ndipo kazi inapofanyika: mkono unafika, unageuza, unaokota uchafu. Ghalani ni pa kuweka tu. Ghala lako linaweza kuwa kubwa kama uwanja wa Gombani, lakini ukiwa na jamvi moja dogo utaanika kidogo, utakusanya, utarudisha gunia, utatoa jingine, na siku nzima itaishia njiani. RAM, yaani kumbukumbu kuu, ndiyo jamvi. Hadi diski (ile diski ya sahani inayozunguka), SSD (diski ya kisasa ya chipu), flashi na memori kadi ni maghala.

RAM ikijaa, Windows, yaani mfumo unaoiendesha kompyuta, haisimami. Huyachukua yale usiyoyatazama kwa wakati huo ikayapeleka kwenye diski, na ukiyataka tena huyarudisha. Safari hizo ndizo zinazoiua mashine. RAM hujibu kwa takribani nanosekunde 100. Hadi diski huhitaji kama milisekunde 10, kwa sababu kichwa chake lazima kisogee, kisha kingoje sahani inayozunguka mara 5,400 kwa dakika ilete mahali panapotakiwa. Nilimpigia wifi hesabu: kama kuokota kitu jamvini kungechukua sekunde 1, kwenda ghalani na kurudi kungechukua zaidi ya siku nzima. SSD haina kitu kinachozunguka, kwa hiyo kwa hesabu hiyo hiyo ni kama dakika 17.

Kuna tofauti ya pili, na hii niliijua kwa uchungu. Disemba 2009 nilikuwa Unguja, naandika ripoti yangu ya mafunzo kwenye kompyuta ya mezani. Nilikuwa na kurasa saba mpya sijazisevu. Umeme ukakatika, na nyote mnaokumbuka mnajua kwamba kisiwa kizima kilikaa gizani mpaka Machi 2010. Uliporudi, nilichokuwa nimekisevu wiki moja kabla nilikikuta kama kilivyo, hata nukta haikupotea. Zile kurasa saba zilikuwa zimekwisha tangu sekunde za mwanzo.

Kila biti ndani ya RAM, yaani kila sifuri au moja, ni chaji ndogo ya umeme kwenye kapasita (kikombe cha chaji), ikilindwa na transista moja (swichi ndogo). Ndivyo Robert Dennard wa kampuni ya kompyuta ya IBM alivyoibuni, akapewa hataza, yaani haki ya mvumbuzi, mwaka 1968. Chaji hiyo huvuja, kwa hiyo mashine huijaza upya kila milisekunde 64, mchana kutwa, bila wewe kujua. Umeme ukiondoka hakuna wa kuijaza. Diski huandika kwa alama za sumaku, na sumaku haihitaji umeme ili ibaki. Kwa hiyo mkono wako uzoee kubonyeza Ctrl na S, yaani kusevu, kila unapomaliza aya. Mimi sisubiri hata nukta ya mwisho.

Turudi Wete. Mashine ya wifi sikutaka kuiwasha na diski yake ndani. Ukifuta picha kwenye hadi diski, picha yenyewe haiondoki. Kinachofutwa ni maelezo ya mahali ilipo, na nafasi ile inahesabiwa kuwa tupu. Itapotea kweli pale kitu kingine kitakapoandikwa juu yake, na Windows huandika vitu kila dakika hata ukiwa umekaa kimya. Nikaichomoa diski, nikaiunga kwenye kompyuta yangu, nikaendesha programu ya kurudishia mafaili na kuyaweka kwenye diski nyingine, si ile ile. Kazi ilichukua mpaka alasiri.

Baadaye ndipo tukatafuta uzito unatoka wapi. Nanyi mnaweza kujitazamia: bonyezeni Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, mtaona maneno Memory na Disk na asilimia pembeni. Kwake Memory, ambayo hapo ni RAM, ilisoma 93, na RAM yake yote ni GB 4. Disk ilisoma 100, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Hiyo 100 haina maana kwamba diski imejaa, maana yake diski inafanya kazi bila kupumzika. Diski ya wifi ilikuwa tupu zaidi ya nusu! Ilikuwa inahangaika kubeba magunia ya RAM.

Tukaongeza RAM ikafika GB 8, na hadi diski tukaibadilisha kwa SSD. Ukimwagiza mtu Unguja akununulie RAM, mpe ile ya zamani aende nayo mkononi. DDR3 na DDR4 ni aina mbili za RAM, pengo lao halikai mahali pamoja, haziingiliani, na boti ya kurudisha kitu ni nauli.

Lakini SSD ina jambo lake, na nilimwambia kabla hatujanunua. Ukifuta kitu humo, mfumo huiarifu SSD kwamba nafasi ile haitakiwi tena, nayo huisafisha yenyewe. Ile bahati ya kurudisha picha alasiri moja mara nyingi huipati tena. Nakala lazima ziwe mbili, kwenye vifaa viwili.

Na nakala isiwe kwenye flashi ya bei ya kutupa. Nimeshika flashi iliyoandikwa TB 1, yaani GB 1,000, ambayo ndani yake mlikuwa na GB 32. Imechezewa ili itangaze uongo: ikijaa haikatai, inaendelea kupokea na majina ya mafaili unayaona, lakini ukiyafungua hamna kitu. Ukinunua mpya, ijaze yote kwanza kwa vitu usivyovihofia, kisha vifungue kimoja kimoja mpaka cha mwisho. Wala usiiache droani miaka na miaka. Flashi hushikilia elektroni zilizonaswa, nazo hutoroka polepole, na hewa yetu ya chumvi huzila zile shaba za mdomoni.

Picha za harusi zilirudi karibu zote. Moja ya bi harusi na bibi yake ilirudi nusu, kuanzia kifuani kwenda chini kijivu kitupu, na bibi mwenyewe ametangulia mbele ya haki. Wifi hakutaka niifute. Nakala yake ya pili sasa inakaa kwangu Chake, na kila mwisho wa mwezi anakuja nayo SSD yake kwenye mkoba, imeviringwa kitambaa.