Ile namba ya chini ya tovuti, nani anayeiandika?

Asalaam alaykum wasomaji wetu. Mwezi huu barua zimekuja nyingi na karibu zote za jambo moja, zile kaunta za wageni, vile vinamba vya chini ya tovuti vinavyosema "umetembelewa na watu 004512". Sijui limewaingia nini watu wa Unguja na Pemba kwa pamoja, au ndo fundi mmoja anawatengenezea nyote. Basi leo tunajibu hizi tu, ya simu iliyotumbukia kwenye urojo itasubiri mwezi ujao, kunradhi ndugu yangu, itie mahala pakavu.

SWALI: Nina nyumba ya wageni, vyumba sita, Jambiani. Kijana mmoja kanitengenezea tovuti akanitilia na kaunta ya bure. Nilifurahi kuona namba inapanda. Sasa mgeni wangu mmoja wa Ujerumani kaniandikia kwamba tovuti yangu inampeleleza, eti ilifaa nimuombe ruhusa kwanza. Miye simpelelezi mtu, nataka namba tu! Na chini ya hiyo kaunta kuna vineno vidogo vidogo vya mikopo, mie sijavitia. Ni mambo gani haya?
Mama wa vyumba sita, Jambiani

JIBU: Bibi, mgeni wako hakusema uongo na weye hukukusudia ubaya, ila hapo katikati kuna mtu wa tatu ambae hamjuani nae. Ile namba haiko kwenye tovuti yako. Mtu akiufungua ukurasa wako, brauza yake (ile programu ya kufungulia tovuti) inaletewa maneno na picha za vyumba kutoka seva unayoilipia, yaani kompyuta inayoweka tovuti yako, halafu ikifika pale chini inakuta imeandikwa "hii picha kaichukue kwa fulani", basi inatoka inakwenda kwa fulani kuichukua, na huyo fulani seva yake huenda ikawa Marekani, huenda ikawa kwengine kabisa. Na brauza haiendi kwa mtu na kanga usoni. Inafika na anwani ya IP (namba ambayo simu inatokea nayo mtandaoni), aina ya simu, lugha anayotumia mwenyewe, saa, na mara nyingi inataja mpaka imetokea tovuti gani (hicho kipengele cha kutaja ulikotoka kinaitwa referer, walipokiandika kwenye viwango vya intaneti mwaka 1996 walikosea herufi, r moja ikapungua, na mpaka leo dunia nzima inakosea vivyo hivyo, nimeona niwachekeshe).

Sasa akishafika kule, kampuni ikitaka inampachika kuki, yaani kikaratasi chenye namba ambacho brauza inakiweka na kukionyesha kila inaporudi. Kuki zilibuniwa 1994, alizibuni Lou Montulli wa Netscape, na nia ilikuwa nzuri tu, duka la mtandaoni likumbuke umetia nini kwenye kikapu. Lakini kaunta ile ile iko kwenye tovuti yako, na ya mwengine, na ya elfu nyengine huko, basi kampuni inakiona kikaratasi kile kile asubuhi kwenye tovuti ya dawa za kisukari, mchana kwenye tiketi za ndege, usiku Jambiani kwako anatafuta chumba. Weye unaona 4,512. Wao wanaona mtu mmoja na mizunguko yake yote. Ni sawa na mtu kukupa bawabu wa bure akae mlangoni, kila jioni akakwambia "leo wameingia kumi na nne", ukamshukuru, kumbe daftari la majina anaondoka nalo kwa tajiri wake.

Na hao wenye namba inayoonekana ni afadhali. Kuna za picha ya pikseli moja tu, yaani nukta moja, haina rangi, hutoiona hata uvae miwani miwili, kazi yake ndo hiyo hiyo.

Kuhusu Mjerumani wako, kwao jambo hili ni zito. Sheria ya Ulaya ya data ilianza kutumika 25 Mei 2018, na Januari 2022 mamlaka ya Austria ilitangaza uamuzi kwamba tovuti moja iliyotumia Google Analytics, kihesabu wageni cha Google, imevunja sheria hiyo kwa kuwa habari za wageni zilikuwa zinapelekwa Marekani, Februari yake Ufaransa wakaamua hivyo hivyo. Basi mtu aliyezoea kuombwa ruhusa kila anapofungua ukurasa, akija kwako akakuta hakuna hodi, lazima ashtuke. Na sisi huku tusijifanye hatumo, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kazi Mei 2023 na ina tume yake. Weye unapokea majina ya watu, pasipoti, tarehe za safari. Kusema "fundi ndo aliyetia" hakutokusaidia sana.

Vile vineno vya mikopo ndo bei ya bure yako! Aliyekupa kaunta anauza linki, kila tovuti inayobeba kaunta yake inambebea na tangazo bila kujua, ili Google waione hiyo tovuti ya mikopo inatajwa na watu wengi wakadhani ni ya maana. Google wenyewe wanaujua mchezo huu, wameuweka kwenye orodha ya mambo waliyoyakataza, na tovuti inayoshiriki inaweza kushushwa kwenye matokeo. Yaani mtu anatafuta chumba Jambiani, weye uko ukurasa wa saba, kwa sababu ya mkopo usioukopa.

Miye mwenyewe yalinikuta. Zamani nilikuwa na kijitovuti cha kuweka picha za mji, nikatia kaunta ya bure kutoka kampuni moja ya nje, nikaisahau. Kampuni ikafa, domeni yake, yaani jina lake la mtandaoni, ikakaa bila mwenyewe, akatokea mtu akainunua. Sasa kila tovuti iliyokuwa bado inaita "kachukue picha kwa fulani" inakwenda kwa huyo mpya, na yeye akawa anatoa picha ya kamari inayometameta. Ilikuwa Ramadhani. Aliyenipigia simu ni mjomba wangu. Sitaki hata kukumbuka.

Sasa fanya hivi. Mwambie fundi aitoe yote, na vineno vyake. Namba utaipata kwengine, na pengine unayo tayari hujui, kwa sababu seva kwa kawaida toka siku ya kwanza inaandika rejista ya kila anaeingia. Kuna programu za bure zinaisoma hiyo rejista zikakupa hesabu, AWStats ni moja, Webalizer ni nyengine, na wauza hosti wengi, wale wanaokukodishia seva, wanazo ndani ya ile cPanel (ukurasa wa kuendeshea tovuti) unayolipia kila mwaka, ni kubofya tu. Ukitaka michoro mizuri zaidi kuna Matomo, zamani ikiitwa Piwik, fundi anaiweka kwenye seva yako mwenyewe. Huyo sasa ni bawabu wa mshahara wako, na daftari linalala kwako, na kwa hivyo lichane pia, hakuna haja ya kuweka IP za watu miaka mitano.

SWALI: Mimi nasoma tovuti moja ya daktari, mambo ya kuchelewa kupata mtoto. Ina kaunta inaonyesha wageni wa sasa hivi na bendera na mji. Juzi saa nane usiku ilionyesha mgeni mmoja tu, nae ni wa Dar es Salaam, na mimi niko Wete, Pemba! Nimeingiwa na khofu. Wanaweza kujua nyumba yangu? Watu wa nyumbani wanaweza kujua?
Msiniandike jina, Wete

JIBU: Tulia mwanangu. Huyo wa Dar es Salaam ni weye, na kwamba wamekosea bahari nzima ndo jibu lako la kwanza. Kaunta haijui uko wapi, inajua anwani ya IP tu, halafu inauliza kitabu cha kubahatisha "anwani hii ya wapi?" Ukitumia data ya simu unatokea kwenye mitambo ya kampuni ya simu, na anwani moja mara nyingi wanachangia wateja wengi kwa wakati mmoja, sawa na watu wa jengo zima la Michenzani kutumia sanduku moja la posta. Kwa hiyo anaeitizama ile kaunta hapati nyumba, hapati mtaa, hata kisiwa hakipati.

Tena hicho kitabu cha kubahatisha kimewahi kuleta balaa. Marekani kampuni ya MaxMind inayouza hesabu hizo, kila IP iliyojua kwamba ni ya Marekani lakini haijui ya wapi hasa, ikaiweka katikati ya nchi, na alama ikaangukia shamba moja Kansas, karibu na kijiji cha Potwin. Anwani zaidi ya milioni 600 zikaelekezwa pale shambani! Kwa miaka watu wakawa wanakwenda kugonga mlango, polisi, waliotapeliwa, watu wa FBI, kila mmoja anatafuta mwizi wake kwa wakulima ambao hawajui lolote, mpaka habari ilipotoka 2016 ndo alama ikahamishwa ikatiwa ziwani. Basi anaekwambia "nina IP yako najua unakoishi" anakutisha tu. Mwenye uwezo wa kujua namba fulani saa fulani ilikuwa kwa mteja gani ni kampuni yako ya simu.

Lakini nisikudanganye ukalala kabisa. Wenye kaunta, ikiwa wanatia kuki, hawahitaji nyumba, wanajua simu hii hii inarudi kwenye ukurasa huu huu usiku huu huu, na matangazo ya vidonge yataanza kukuandama. Tumia Firefox, toka 2019 inawazuia wengi wa hao wafuatiliaji bila weye kufanya kitu, au Safari kama una iPhone, nayo toka 2020 haipokei kuki za mtu wa tatu. Ule ukurasa wa siri wa brauza haufichi IP yako, ila haubakishi historia kwenye simu.

Na hapo ndo penyewe. Uliuliza watu wa nyumbani. Hao hawaijui kaunta. Wanaijua simu yako, ile unayompa wifi yako apige mara moja, au mtoto anaechukua kucheza gemu akabofya pale pa kuandikia, neno la mwanzo linalochomoza ni lile ulilolitafuta jana. Fungua kwa siri, funga ukimaliza, tia nywila ya kwenye simu ambayo si mwaka wako wa kuzaliwa. Na Mungu akujaalie.

SWALI: Nauza kofia za viua mtandaoni. Kaunta inasema watu 900 siku moja, sijauza hata kofia moja. Wananichungulia nini?
Fundi kofia, Darajani

JIBU: Hawakuchungulii, wengi wao si watu. Ni programu zinazopita tovuti zote usiku na mchana, za Google, za Bing, na za wahuni pia, na kaunta hizi rahisi zinahesabu kila kinachopita, hata weye ukirefreshi mara kumi ni wageni kumi. Halafu jambo moja, kwenye orodha ya "wageni wametokea tovuti gani" ukiona jina usilolijua limerudi mara themanini, usilibofye. Hakuna mgeni aliyetoka huko, wanalitia jina makusudi ili mwenye tovuti kama weye uingie kuangalia nani kakutaja. Hesabu simu na WhatsApp za wateja, hizo zina pesa.

SWALI: Maalim hapa, nasaidia tovuti ya skuli yetu. Kuna kaunta kila ukurasa, mpaka ule wa wazee kuingia na nywila kutizama matokeo ya watoto. Kijana wa kompyuta anasema ni urembo tu haina madhara. Kweli?
Maalim, Chake Chake

JIBU: Maalim, inategemea imetiwa vipi, na hili kijana wako alipaswa akwambie. Kama ni picha tu, madhara yake ni yale niliyomueleza bibi wa Jambiani. Kama ni skripti, yaani maagizo ya programu yanayoendeshwa na brauza, ni jengine kabisa, kwa sababu skripti ikishaingia kwenye ukurasa inakuwa na mamlaka sawa na ukurasa wenyewe, inaweza kusoma mzee anachoandika, nywila ikiwemo, inaweza kubadilisha maandishi, inaweza kumpeleka pengine. Umempa bawabu funguo za ndani. Bawabu anaweza kuwa muaminifu, lakini je akiibiwa yeye?

Si maneno ya kutunga. StatCounter ni kampuni ya Ireland, ina jina, inahesabu wageni toka 1999, na Novemba 2018 wadukuzi waliingia kwake wakaongeza mistari michache kwenye skripti yake. ESET, hao wa kupambana na virusi, ndo waliogundua. Skripti hiyo ilikuwa inapakiwa na tovuti zaidi ya milioni mbili, lakini wezi walikuwa wanavizia mmoja, gate.io, soko la sarafu za kidijitali, mtu akija kutoa Bitcoin zake skripti inabadilisha anwani ya mpokeaji ikatia ya mwizi. Wenye gate.io hawakudukuliwa wao. Waliweka kaunta tu.

Na 2024 tena, si kaunta safari hii lakini mlango ule ule, domeni ya polyfill.io ambayo skripti yake ilikuwa kwenye tovuti zaidi ya laki moja ilinunuliwa na kampuni nyengine mwezi wa Februari, kufika Juni skripti ikaanza kuwapeleka wenye simu kwenye tovuti za kubeti. Inanikumbusha simu ya mjomba wangu.

Kwa hiyo ukurasa wa nywila, na wowote mzee anaojaza jina la mtoto, usiwe na kitu cha nje hata kimoja, kaunta, hali ya hewa, saa ya nyakati za sala, vyote nje. Na kuangalia ni rahisi, huna haja ya kuwa fundi. Fungua ukurasa kwenye kompyuta, bofya kitufe cha kulia, chagua kuona chanzo cha ukurasa, utaona maandishi mengi usiyaogope, tafuta neno script na src, kila baada ya src kuna anwani. Ikiwa domeni si ya skuli yenu, muulize kijana ni ya nani, na kama hajui ni ya nani iondoke leo leo, halafu wazee wabadilishe nywila. Akisema ni urembo, mwambie atie picha ya mkarafuu.