Bastola Ikikwama Katikati ya Mtihani, Usikwame Nayo

Juzi dada mmoja wa Dallas kaniandikia: "Dada, nimefeli mtihani wa shabaha. Bastola ilikwama tukiwa yadi 7, nikachanganyikiwa, zilizofuata zote zikaenda hovyo." Nikamjibu kwa ujumbe wa sauti mrefu mpaka nikajishtukia nahutubia. Basi bora niandike hapa, maana najua wengi wenu mnatoka zamu za usiku, mnatembea peke yenu kwenye maegesho alfajiri, na leseni hii ya kubeba bastola Texas, ambayo mtihani wake ndio huo, mnaitaka kama nilivyoitaka mimi.

Wapo watakaosema, leseni ya nini wakati Texas tangu tarehe 1 Septemba 2021 watu wengi wa miaka 21 na zaidi wanabeba bila hiyo? Mimi nasafiri, na majimbo mengi yanaitambua leseni ya Texas. Ila wenye viza za masomo au za matembezi msinifuate kichwa kichwa. Sheria ya shirikisho, ukiacha vipengele vichache, hairuhusu hata uishike bastola. Muoneni mwanasheria kwanza.

Sasa tuje kwenye hesabu, kwa sababu ndiyo iliyonituliza mimi. Mtihani wa Texas ni risasi 50: 20 ukiwa yadi 3, 20 yadi 7, na 10 yadi 15. Unapiga karatasi ya B-27, ile yenye umbo jeusi la mtu, na risasi iliyoingia eneo la katikati ina alama 5. Jumla ni 250, na ukipata 175 umepita. Yaani risasi 15 nzima zinaweza kupotea, na ukiwa zilizobaki umezipiga zote eneo la katikati, umepita. Sasa niambie, risasi moja iliyokwama inakufelishaje? Dada yetu alifelishwa na zile zilizofuata, alizozipiga mikono ikitetemeka na akili bado iko kwenye ile moja.

Mimi pia ilinikwama, tena yadi 7 hizo hizo, kwenye zoezi la risasi mbili kwa sekunde 4. Ya kwanza ikatoka. Ya pili navuta, triga iko legelege, haina kitu. Kutazama, ganda la shaba limesimama wima kwenye tundu la pembeni, slaidi, kile chuma cha juu kinachoenda nyuma na mbele, imelibana shingoni, na moshi bado unafuka. Mdomo wa bastola sikuutoa kwenye shabaha. Kidole nje ya triga, nikagonga kwa kiganja kitako cha magazini, kile kibebeo cha risasi kinachoingia kwenye mpini, nikavuta slaidi hadi mwisho na kuiachia ijirudie yenyewe. Ganda likaruka, likatua juu ya kiatu cha jirani yangu. Sekunde zilikuwa zimeshaisha, lakini mwalimu wetu alitangaza tangu darasani kwamba risasi iliyobaki kwa sababu hiyo utaipiga mwisho wa hatua. Si walimu wote wanafanya hivyo. Muulize kabla hujaweka hata risasi moja kwenye magazini.

Nilimaliza na alama zaidi ya 230. Nalisema hili makusudi, maana kuna kaka mmoja hapa Houston alinicheka mbele za watu kwenye sherehe ya ubatizo: "Mwanamke na bastola wapi na wapi, ikikwama si utaitupa ukimbie?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao. Sijasahau.

Turudi kwenye mambo ya maana. Hiyo ya kugonga, kuvuta na kuachia inatibu ganda lililobanwa, na risasi ambayo haikupanda kwa sababu magazini haikukaa sawa. Lakini ukivuta triga ukasikia "tik" tu, tulia. Risasi inaweza kuchelewa kuwaka, na viwanja vingi vinataka uendelee kuelekeza mbele kwa sekunde 30 kabla hujaitoa. Fuata utaratibu wa uwanja wako. Na ukisikia mlio wa chini, "puf", teke la bastola nalo likawa dhaifu, hapo simama kabisa. Usigonge, usivute. Risasi yaweza kuwa imebaki ndani ya mtutu, na ukifyatua nyingine nyuma yake mtutu unaweza kukupasukia mkononi. Mdomo ukiwa mbele, nyanyua mkono usioshika bastola, mwalimu aje. Zikiingia risasi mbili kwa pamoja zikang'ang'aniana, nyanyua mkono vilevile, usijitie ufundi mbele ya watu.

Kosa ninaloliona kila nikienda uwanjani ni mtu kugeuka na bastola yake kumuonyesha mwalimu: "Imekwama, ona!" Jamani! Hapo utatolewa nje, na ni haki yako. Waache wao waje kwako, wewe usigeuke. Mkono mmoja juu, mdomo mbele, kidole nje. Nimeshasema, narudia, na nitarudia tena.

Mazoezi? Nunua risasi bandia za plastiki, mpe mwenzio akuchanganyie moja au mbili ndani ya magazini bila wewe kujua zilipo, na zoezi hilo mlifanyie hukohuko uwanjani. Mikono ikizoea, kichwa hakipati nafasi ya kuogopa. Na kaza kifundo cha mkono, hasa kwa bastola nyepesi, maana mkono ukilegea slaidi hairudi nyuma vya kutosha na maganda yanabanwa. Wadada wengi wanaambiwa bastola yao mbovu kumbe ni mshiko tu, na wakaka vilevile, ila wao hawaambiwi.

Dada wa Dallas, ile bastola uliyoazima kwa shemeji, itazame midomo ya magazini yake, zile kingo za juu zinazoshikilia risasi, kabla ya kurudia mtihani. Kama imepinda, hakuna mazoezi yatakayoisaidia. Nunua magazini mpya, ujaze na risasi zilezile utakazoenda nazo, uzifyatue zote uone kama inakubali.